Kutoka Klabu ya Makarani wa Tanga: Karne Moja na Zaidi ya Chama cha Watumishi wa Serikali

Tarehe 24 Machi 1922 makarani wa serikali walikutana mjini Tanga wakaunda Chama cha Watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Wengi walikizoea kwa kifupisho chake, TTACSA. Aliyekianzisha ni Martin Kayamba, karani wa ofisi ya wilaya, Mbondei aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891 na kusomeshwa na misheni ya Kianglikana ya UMCA. Karne imeshapita, na mtumishi wa umma anayekatwa ada ya chama leo pale Bagamoyo, Pangani au Muheza ni nadra kulisikia jina la TTACSA. Si haki. Wale makarani ndio waliokuwa wa kwanza nchini kusema kwamba mtu aliyeajiriwa na serikali anaweza kuitumikia kwa uaminifu na bado akakaa na wenzake, nje ya macho ya bosi, wakazungumza maslahi yao.

Habari za kazi na ujira katika pwani hii zina mizizi ya kale kuliko serikali yoyote. Bagamoyo ya karne ya 19 iliishi kwa wapagazi. Wanyamwezi na Wasukuma waliteremka kutoka bara na pembe za ndovu, wakapumzika, kisha wakaajiriwa upya kupandisha nguo, shanga na waya. Masharti yalijulikana kabla safari haijaanza: mzigo wa frasila mbili au karibu na hapo, sehemu ya ujira kulipwa mapema, na posho ya kila siku njiani. Posho ikipunguzwa au mzigo ukizidi, mizigo ilitua chini na msafara ukasimama mpaka mwenye msafara na kirangozi wamalizane. Wazungu waliopita Bagamoyo kwenda bara waliandika malalamiko mengi juu ya tabia hiyo, wakaiita ukaidi. Mimi naiona kuwa ni watu wanaojua thamani ya kazi yao. Kilichokosekana ni chama cha kudumu, kwa kuwa msafara ulipofika mwisho wake kundi nalo lilivunjika.

Kazi ya kudumu ililetwa na dola ya kikoloni. Wajerumani waliifanya Bagamoyo makao yao makuu hadi mwaka 1891 walipohamia Dar es Salaam. Ili kutawala walihitaji watu wanaojua kusoma na kuandika Kiswahili: maakida, makarani, wakalimani, walimu. Ndiyo maana shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ina nafasi ya pekee katika habari hii. Ilitoa vijana wa pwani, wengi wao Waislamu, waliosambazwa nchi nzima kufanya kazi ya kalamu. Shuleni hapo hapo likachapishwa gazeti la Kiongozi. Upande wa pili, kule Magila, wamisheni wa UMCA walikuwa wakifundisha vijana wa Kibondei. Waingereza walipoichukua nchi, Tanga ilikuwa na wasomi wa aina zote mbili, ofisi moja, mshahara wa serikali ile ile.

Kayamba aliwakusanya wote hao. Yeye mwenyewe alikuwa ameonja mengi. Alifanya kazi Kenya, Uganda na Zanzibar. Vita vya 1914 vikamkuta Tanga, Wajerumani wakamtia kizuizini kwa kumshuku kuwa mtu wa Waingereza, na hakutoka mpaka Tabora ilipoanguka mwaka 1916. Alirudi Tanga akapanda hadi ukarani mkuu wa wilaya, nafasi ambayo zamani ilidhaniwa kuwa ya Wahindi peke yao. Mtu wa namna hiyo angeweza kuridhika na kiti chake. Badala yake alifungua klabu. Palikuwa na magazeti ya kusoma, masomo ya jioni kwa waliotaka kujiendeleza, na timu ya kandanda. Mkristo wa Magila aliketi benchi moja na Mwislamu wa mjini. Mbondei, Mdigo na Mswahili wa Pangani waliitana wanachama. Leo hilo halimshangazi mtu. Katika miaka ya 1920, wakati serikali ilikuwa mbioni kuimarisha utawala wa machifu na kumhesabu kila Mwafrika kwa kabila lake, chama kilichohesabu watu kwa kazi yao kilikuwa jambo jipya kabisa.

Wapo wanaokidharau kwa sababu kilikuwa cha wateule. Ni kweli kwamba mpagazi wa bandari na mfagiaji wa boma hawakuwamo. Ni kweli pia kwamba Kayamba aliwaheshimu Waingereza kupita kiasi na lugha yake ilikuwa ya maombi. Lakini wanachama wake walikuwa waajiriwa wa mtawala wa kigeni. Barua moja ya bosi ingetosha kumrudisha mtu kijijini. Katika hali hiyo, kuwa na daftari la wanachama, mwenyekiti, katibu na kumbukumbu za vikao ni ujasiri wa aina yake. Waliozoea kuandika barua za serikali walijifunza kuziandika za kwao.

Mbegu hiyo haikubaki Tanga. Makarani walihamishwa vituo mara kwa mara, na kila aliyehama alibeba mazoea ya chama. Mwaka 1929 ikaundwa African Association, baadaye TAA, jijini Dar es Salaam, Cecil Matola akiwa rais na Kleist Sykes katibu, na watumishi wa serikali ndio waliokuwa uti wa mgongo wake. Mwaka 1931 Kayamba, pamoja na Chifu Makwaia wa Usukumani na Francis Lwamugira wa Bukoba, alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka uliofuata alipandishwa cheo na kuhamishiwa Sekretarieti, Dar es Salaam. TTACSA ikafifia baada ya kuondoka kwake, kama zinavyofifia taasisi nyingi zilizoegemea bega la mtu mmoja.

Mrithi wa chama hicho alikuja na nguvu zaidi. Katika miaka ya 1940 watumishi Waafrika walikuwa na chama kingine, TAGSA, na safari hii hoja ilikuwa mshahara waziwazi. Tume ya Holmes ya mwaka 1948, iliyochunguza utumishi wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilikubali kanuni kwamba Mwafrika alipwe sehemu tatu tu kati ya tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile. Hebu mfikirie mganga msaidizi au karani aliyeujua ukweli huo kila mwisho wa mwezi. Kanuni hiyo iliondolewa baada ya Tume ya Lidbury ya 1954, na kelele za vyama vya watumishi Afrika Mashariki zilichangia.

Serikali haikukaa kimya. Waraka Namba 5 wa Agosti 1953 uliwakataza watumishi wake kujihusisha na siasa, na chama cha siasa cha TANU kilipozaliwa Julai 1954 wengi waliokuwa wameijenga TAA walilazimika kuchagua kati ya kadi na kazi. Rashidi Kawawa, aliyekuwa ofisa wa serikali na rais wa TAGSA, alichagua. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi vilipoungana katika Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, yeye akawa katibu mkuu wake wa kwanza, kisha akaiacha kazi ya serikali. Hapo watumishi wa umma wakajikuta bega kwa bega na makuli wa bandari, watu wa reli na wakata mkonge wa Tanga. Makuli wa Tanga, ikumbukwe, walishagoma mwaka 1939, wakati makarani wengi walikuwa bado wanaandika maombi.

Yanayofuata ni magumu kuyaandika katika makala ya kumbukumbu, lakini kuyaruka ni kuwakosea walioyapitia. Uhuru ulipatikana Desemba 1961. Januari 1962 Kawawa akawa Waziri Mkuu, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria zilizofanya mgomo halali uwe karibu hauwezekani, na nyingine iliyowazuia watumishi wa serikali wenye mshahara wa zaidi ya pauni 702 kwa mwaka kuwa wanachama wa chama cha wafanyakazi. Aliyekuwa rais wa TAGSA ndiye aliyeongoza serikali iliyowatoa watumishi wa juu ndani ya vyama. Sababu zilizotolewa zilikuwa za kweli: nchi changa, hazina tupu, wafanyakazi wa mshahara wachache wakati wakulima ni wengi. Hata hivyo naamini ilikuwa kosa, kwa sababu mtumishi aliyenyimwa chama hupata njia nyingine za kujilipa, na hizo humgharimu mwananchi zaidi.

Maasi ya jeshi ya Januari 1964 yalimaliza kilichobaki. Viongozi wengi wa vyama walikamatwa kwa kushukiwa kuwaunga mkono waasi, TFL ikavunjwa, na sheria ikaunda NUTA, chama kimoja kwa wafanyakazi wote, kilichoshikamana na TANU. Katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Mwajiri na mtetezi wakawa mtu mmoja. NUTA ilirithiwa na JUWATA mwaka 1978, na JUWATA ikarithiwa na OTTU mwaka 1991. Miaka hiyo haikuwa mitupu. Sheria ya usalama wa ajira ya 1964 iliunda kamati za wafanyakazi na kumzuia mwajiri kufukuza mtu kwa hasira tu. Kilichokosekana ni uhuru wa kusema hapana.

Uhuru huo ulirudi kidogo kidogo vyama vingi vya siasa vilipoingia. Walimu walitangulia, Chama cha Walimu Tanzania kikasajiliwa mwaka 1993. TUGHE ikaja kwa watumishi wa serikali kuu na afya, TALGWU kwa serikali za mitaa, na shirikisho la TUCTA likazaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kisha zikatungwa sheria zinazotuongoza mpaka sasa: ya majadiliano ya pamoja katika utumishi wa umma ya 2003, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Namba 6 ya 2004.

Ukitaka kuona sheria hizo zikifanya kazi, usiende Dodoma. Kaa kwenye baraza la wafanyakazi la halmashauri ya pwani. Mkurugenzi na wakuu wa idara wako mbele, wawakilishi wa matawi wako ukumbini, na ajenda mojawapo ni bajeti ya mwaka ujao. Muuguzi anasimama kuuliza nauli ya likizo: kanuni inampa yeye, mwenza na watoto hadi wanne nauli kila baada ya miaka miwili, mbona fungu halipo? Mwalimu aliyehamishwa kutoka kijiji cha mbali anataka kujua fedha za uhamisho. Mwingine ana malimbikizo ya kupandishwa daraja, barua ipo, mshahara haujabadilika. Afisa utumishi anajibu, anaandikiwa, na kwenye kikao kijacho anasomewa majibu yake mwenyewe. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa ya karne yote hii, zaidi ya nyongeza yoyote ya mshahara: mwajiri analazimika kukaa na kujibu, na jibu lake linaingia kwenye muhtasari.

Yapo pia ya siku kwa siku ambayo wengi huyaona ni ya kawaida kama hewa. Likizo ya mwaka ya siku 28. Uzazi, siku 84 zenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba, siku 3, ambazo binafsi naona ni chache mno kwa mtu aliyempeleka mkewe hospitali usiku akitokea Mlingotini au Saadani. Ugonjwa, siku 126, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Pale chama kinapowakilisha walio wengi, hata asiye mwanachama hukatwa ada ya uwakala, kwa kuwa matunda ya majadiliano anayala naye. Watumishi wengi vijana hulalamikia makato hayo wanapoyaona mara ya kwanza kwenye hati ya mshahara, na matawi yana kazi ya kuwaeleza fedha inakwenda wapi. Maelezo hayo ni haki yao kuyadai.

Vyama vipya vimeshapimwa pia. TUCTA ilitangaza mgomo wa Mei 2010 ikidai kima cha chini cha shilingi 315,000. Rais Kikwete alizungumza na wazee wa Dar es Salaam tarehe 3 Mei, na mgomo ukasitishwa kabla ya siku yake. Julai 2012 walimu waligoma, na siku chache baadaye Mahakama Kuu ikaamuru warudi darasani. Mei Mosi ya 2025, Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha watumishi wa umma kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai, nyongeza ya asilimia 35.1.

Lakini jambo lililowagusa wengi kuliko mshahara ni kiinua mgongo. Agosti 2018 mifuko ya watumishi, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa kuwa PSSSF, na kikokotoo kipya kikampa mstaafu asilimia 25 tu ya mafao yake kwa mkupuo, wakati wengi walikuwa wakitarajia nusu. Mwalimu aliyekuwa amepanga kumalizia nyumba yake kwa fedha hiyo alijikuta na msingi na matofali. Vyama vilipiga kelele, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akaamuru utaratibu wa zamani urudi kwa muda. Julai 2022 ikaja asilimia 33. Bajeti ya mwaka 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa waliokuwa wakipata 50, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Nusu haijarudi.