Ziwa Nakuru: Utazamaji wa Ndege

Katika Bonde la Ufa la Kenya, kwa mwinuko upatao mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, kusini tu mwa mji wa Nakuru, lipo ziwa la magadi ambalo hupokea maji ya mito ya Njoro, Makalia na Nderit wala halina mto hata mmoja wa kuyatoa, hivyo jua huyanyonya maji na chumvi ikabaki. Ziwa hili ndilo moyo wa hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1968. Mwaka 1990 liliingizwa katika Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu, na mwaka 2011, pamoja na maziwa ya Bogoria na Elementaita, likahesabiwa katika Urithi wa Dunia.

Sifa yake imeenea kwa sababu ya heroe, nao ni wa namna mbili ambazo mgeni hana budi kuzipambanua. Heroe mdogo ana mdomo mwekundu uliokoza hata ukakaribia weusi; heroe mkubwa ni mrefu zaidi, mweupe zaidi, na mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi. Wote wawili hula kwa kuinamisha kichwa juu chini, ulimi ukiyasukuma maji kupita katika chujio lililomo mdomoni. Lakini mkubwa hutafuta wadudu na viumbe wadogo wa topeni, ilhali mdogo huishi hasa kwa spirulina, mwani mdogo mno ustawio katika maji ya magadi, na ambao ndio asili ya ule wekundu wa manyoya yake.

Kwa hiyo atakaye kuwafahamu heroe na ayasome maji kwanza. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziwa lilifura, likameza barabara, lango kuu na majengo ya hifadhi, na kuiua migunga mingi ya ukingoni. Magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, na makundi makubwa ya heroe yakahamia kwingineko, aghalabu Bogoria. Wako wasemao kuwa ziwa limekufa, na kauli hiyo si ya haki, kwani heroe hakuwa kamwe mkaazi wa ziwa moja: huruka usiku kutoka ziwa hadi ziwa akiifuata riziki yake, na heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzalia hasa Ziwa Natron, nchini Tanzania. Neema yao imo katika msururu mzima wa maziwa ya magadi, na likiharibiwa moja, yote hupata hasara.

Zaidi ya hayo, maji yasiyomfaa huyu humfaa yule. Perege wadogo wa Ziwa Magadi, walioletwa Nakuru katikati ya karne ya 20 ili wale viluwiluwi vya mbu, waliwavuta ndege walao samaki, ambao hapo kabla hawakuwa na haja kubwa na ziwa hili: wanandi, wadiria, furukombe na, zaidi ya wote, wari. Wari wengi huzalia visiwani Elementaita, nao huja Nakuru kuvua, wakingoja hewa ipate joto ndipo wapande juu yake na kuelea bila ya kupiga mbawa sana. Wanapovua kwa pamoja hujipanga nusu duara, wakawabana samaki na kuzamisha midomo kwa mara moja. Na kwa maoni ya mwandishi huyu, mwendo huo wastahiki kutazamwa kwa saa nzima kuliko kukimbilia faru na twiga.

Wakati ulio bora ni asubuhi mapema, kabla upepo haujalitibua ziwa. Darubini ni ya lazima, na gari ni maficho mema, kwani ndege hulizoea gari lakini humkimbia mtu, na sheria ya hifadhi hairuhusu kushuka ila mahali palipotengwa. Aina zaidi ya 400 zimeandikwa humo, na nyingi hazimo majini bali msituni na katika majabali. Kuanzia Septemba huongezeka wageni wa kaskazini, sululu na jamaa zao kutoka Ulaya na Asia, wakichokoa tope la ukingoni; na ifikapo Machi na Aprili, kabla ya kurejea kwao, wengi huwa wamekwisha kuanza kuvaa manyoya ya majira ya kuzaa, hivyo aliyewazoea wakiwa na rangi ya vumbi huwaona kama ndege wengine kabisa.