Udongo na Uraia: Nyumba za Katumba na Mishamo

Yako majengo ambayo historia huyataja pamoja na majina ya wasanifu wake; na yako mengine, yaliyo mengi zaidi, ambayo hayana jina la msanifu kwa kuwa yalibuniwa na watu wengi kwa shauri moja. Nyumba za Katumba na Mishamo, katika nchi ya Mpanda iliyotiwa katika Mkoa mpya wa Katavi mwaka 2012, ni za aina hii ya pili.

Mwaka 1972 palitokea mauaji makubwa Burundi, na maelfu ya Wahutu wakakimbilia Tanzania. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973 kando ya reli iendayo Mpanda, ambayo ilijengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya madini ya risasi. Mishamo ilifuata mwaka 1978, ikapokea watu waliotoka Ulyankulu, Tabora, ambako ardhi na maji havikuwatosha tena. Serikali, Umoja wa Mataifa na shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi walishirikiana kuandaa makazi. Mishamo kila kaya ilipewa hekta 5. Wageni hao walitoka katika nchi ya vilima, ambako kila boma hukaa peke yake ndani ya ua wake wa miti. Hapa walikuta viwanja vimepangwa kwa safu kando ya barabara zilizonyoka. Mahali pa nyumba palichaguliwa na mpimaji; nyumba yenyewe ilikuwa kazi ya mkaaji na jirani zake.

Msitu wa miombo ulitoa nguzo, fito na kamba za magome, na mbuga zikatoa nyasi za kuezekea. Baadaye zikaja kuta za tofali. Kazi ya tofali ni ya kiangazi, maana mvua huyeyusha tofali mbichi. Huyu huteka maji, yule hukanyaga udongo, wa tatu hujaza kalibu, wa nne hupanga tofali zikauke. Kisha tanuru hukandikwa na kuchomwa usiku na mchana. Mtu mmoja aweza kusimamisha kibanda, lakini tanuru halina budi kuwa na watu.

Mwaka 1977, alipopima miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu Watanzania kwa kung'ang'ania saruji na bati, ilhali udongo wa tofali na vigae upo chini ya nyayo zao. Hoja yake ilikuwa ya haki, ingawa tanuru nalo lina deni lake: kila nyumba ya tofali za kuchoma imekula kuni za msitu.

Lakini udongo na umoja havikutosha. Mwaka 2007 ilikatwa shauri kwamba makazi hayo yafungwe. Watu wanne katika kila watano walichagua uraia wa Tanzania kuliko kurudi Burundi. Hata hivyo mpango ulitaka raia hao wapya watawanywe katika mikoa mingine. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 160,000 yalikuwa yamekubaliwa, lakini hati zilisubiri kuhama. Katika hali hiyo, ni nani angewasha tanuru kwa ajili ya nyumba asiyojua kama ataimaliza? Hatimaye mpango wa kuwahamisha uliachwa, na mwaka 2014 hati zikaanza kutolewa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa ujenzi anayepima nyumba hizi asiishie kwenye unene wa ukuta na mteremko wa paa. Tofali hudumu kwa moto uliolichoma, na nyumba hudumu kwa haki ya mwenye nyumba kubaki. Kwa miaka mingi watu wa Katumba na Mishamo walikuwa na ujuzi wote wa kujenga, wakakosa neno moja la sheria. Walipolipata, kuta zile zile walizokwisha kuzijenga zikawa kwao.