Sufuri ni kimya: namna Disk II ilisoma disketi

Bandugu, wengi wetu tunawaza kama ndani ya disketi kuko 1 na 0 zimeandikwa. Hapana. Kuko plastiki nyembamba yenye kupakwa unga wa kutu ya chuma, na sumaku inayogeuka huku na kule. Basi mashini inajuaje?

Tukamate Disk II ya Apple, iliyotoka 1978. Steve Wozniak alikamata lekta ya disketi ya kampuni Shugart, akatoa sehemu kubwa ya elektroniki yake, na kazi ile akaiachia kadi ndogo pamoja na programu. Vyote viliuzwa dola 495.

Disketi inazunguka mara 300 kwa dakika. Kila mara sumaku inapogeuka, kichwa cha kusomea kinapata umeme kidogo: hiyo njo 1. Mikrosekunde 4 zikipita bila kitu, hiyo ni 0. Kumbe sufuri ni kimya tu, na kimya kinapimwa kwa wakati.

Shida iko hapo. Mota haizunguke sawasawa kila saa. Kimya kikikuwa kirefu, mashini inapoteza hesabu: zilipita sufuri tatu ao ine? Tena kikuza-sauti chake kinaongeza nguvu ya kusikia, mpaka kinasikia makelele na kuwaza ni 1.

Kwa hiyo waliweka sheria: kila baiti ianze na 1, na sufuri mbili zisifuatane kamwe. Bei ya sheria hiyo ilikuwa kubwa: kwa kila biti 8 za disketi, 5 tu njo zilibeba habari. Kila duara likapata sehemu 13, disketi nzima baiti 116 480.

Kufika 1980, walikuwa wameelewa kama lekta inaweza kuvumilia sufuri mbili. Biti 5 zikakuwa 6, sehemu 13 zikakuwa 16, na disketi ikabeba baiti 143 360. Mota ile ile, kichwa kile kile. Walibadilisha vipande viwili vya kumbukumbu kwenye kadi, na programu.

Sisi wa agronomia tunajua hesabu hiyo: shamba halikuongezeka, ila nafasi kati ya mistari ilipimwa upya. Mbele ya kulilia mashini mpya, tuulize kwanza kama ile tuko nayo tumeielewa mpaka mwisho.