Tarehe ya Nyumba ya Casterman na Riwaya Zake za Picha

Mji wa Tournai, ulioko magharibi ya Ubelgiji karibu kabisa na mpaka wa Ufaransa, ni mji mkongwe wenye kanisa kuu la minara mitano, na mafundi wake wa zamani walisifika kwa kufuma mazulia ya ukutani na kufinyanga vyombo vya kaure. Lakini tijara iliyolifikisha jina lake mbali zaidi katika karne iliyopita ni ya kupiga chapa. Humo ndimo ilimoasisiwa, katika miongo ya mwisho ya karne ya 18, matbaa ya ukoo wa Casterman, ambayo kwa muda wa karibu miaka 150 ilijipatia riziki yake kwa vitabu vya sala, vitabu vya shule na visa vya kuwaadilisha watoto wa Kikatoliki, wala hapana aliyetazamia kwamba nyumba ya ibada na elimu kama hiyo ingekuja kuwa makao ya riwaya za picha.

Mwaka 1934 matbaa hiyo ilianza kutoa vitabu vya kijana mmoja wa Brussels, Georges Remi, aliyejiita Hergé, ambaye tangu Januari 1929 alikuwa akichora, katika toleo la watoto la gazeti la Kikatoliki la mji huo, safari za Tintin na mbwa wake mweupe. Vitabu vya kwanza vya Tintin vilikuwa vya wino mweusi mtupu, na kila kimoja kilizidi kurasa 100, kwa kuwa mchoraji alisimulia juma baada ya juma bila kujua safari itakomea wapi. Kimoja cha vitabu hivyo, kilichotoka mwaka 1931, chamchukua Tintin mpaka Kongo, nacho sisi wasemaji wa Kiswahili, ambao wengi wetu ni jirani wa nchi hiyo na wengine ni wenyeji wake, hatuwezi kukipita kimya: Waafrika wamechorwa humo kama watoto waliokua viwiliwili wakasahau kukua akili, na Tintin, akisimama mbele ya darasa la misheni, awafundisha wanafunzi wa Kikongo kuwa Ubelgiji ndiyo nchi yao. Mkongomani mmoja akaaye Ubelgiji alikipeleka kitabu hicho mahakamani Brussels mwaka 2007 akitaka kizuiwe, na mwaka 2012 mahakama ikakataa dai lake. Kitabu kingali kikiuzwa.

Ikaja vita kuu ya pili, Ubelgiji ikakaliwa na Wajerumani, na karatasi ikaadimika. Hapo wenye matbaa walimtaka Hergé ayakubali mambo mawili kwa pamoja: picha zitiwe rangi, na hadithi isizidi kurasa 62. Hesabu hiyo si ya kubahatisha, kwani karatasi kubwa ya matbaa hukunjwa ikatoa kurasa 16, na karatasi nne hutoa kurasa 64, ambazo zikiondolewa mbili kwa ajili ya jina la kitabu na habari zake husalia 62 za kusimulia. Kitabu cha kwanza kutoka moja kwa moja kwa kanuni hiyo kilitoka mwaka 1942, na baada yake Hergé na wasaidizi wake wakavirudia vile vya zamani, wakavichora upya na kuvikata mpaka vikaenea katika kipimo. Kile cha Kongo kilirudiwa mwaka 1946, na humo somo la nchi ya Ubelgiji likafutwa likawekwa somo la kujumlisha hesabu; midomo ya wanafunzi haikupunguzwa.

Basi sharti lililozaliwa na uhaba wa karatasi likadumu hata baada ya karatasi kurudi tele madukani. Wachapishaji wengine wa Ubelgiji na Ufaransa walishika kipimo hicho au kile kifupi zaidi cha kurasa 48, jalada gumu na rangi ndani, na kwa miaka 30 msimulizi wa hadithi za picha, awe na kisa cha siku moja au cha maisha mazima, alivishwa kanzu moja iliyokatwa kwa kimo cha mtoto. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha tarehe hii nzima, kwani watu wengi wanapoieleza riwaya ya picha husema habari za ufundi wa kuchora, au za mambo ya utu uzima yaliyoruhusiwa kuonyeshwa, ilhali kilichozuia na kilichofungua kilikuwa ni idadi ya kurasa.

Kufikia miaka ya 1970 wale watoto wa Tintin walikuwa watu wazima wenye ajira, na magazeti ya Paris, kama L'Écho des savanes lililoanza mwaka 1972 na Métal Hurlant la mwaka 1975, yalikuwa yakiwauzia hadithi za ndoto, mapenzi na ghasia. Nyumba ya Casterman haikuwa na gazeti lake la picha, na mchoraji wake mkuu alikuwa amezidi kuwa mzito wa kazi: kati ya kitabu chake cha mwaka 1968 na kile cha mwaka 1976 ilipita miaka minane, na hicho cha mwaka 1976 ndicho alichokimaliza cha mwisho, kwani alifariki Machi 1983. Faida ya vitabu vya zamani ilikuwa kubwa, lakini nyumba iishiyo kwa urithi haina budi kutafuta kazi mpya kabla urithi haujapungua nguvu.

Njia ilionyeshwa na Mwitaliano, Hugo Pratt, mzaliwa wa mwaka 1927, aliyelelewa Venice na kuchukuliwa angali mtoto hadi Uhabeshi, ambako baba yake alikuwa mtumishi wa ukoloni wa Kiitaliano, na ambako vita vilimtia yeye na mama yake katika kambi ya wafungwa wa Waingereza. Mwaka 1967, katika gazeti moja la Genoa, alianza kisa cha baharia Corto Maltese katika bahari ya Pasifiki, kisa kirefu chenye kurasa zaidi ya 150, na Casterman walipokitoa kwa Kifaransa mwaka 1975, kizima katika jalada moja na bila rangi, wasomaji walikipokea kama wanavyopokea riwaya, na mwaka uliofuata kikapata tuzo katika tamasha la hadithi za picha la Angoulême. Kwa sisi watu wa pwani kuna jambo la kupendeza zaidi, nalo ni kuwa mojawapo ya hadithi za Corto za baadaye yatukia mwaka 1918 katika delta ya Rufiji, katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, palepale ambapo manowari Königsberg ilijificha ikazamishwa mwaka 1915. Na humo Pratt amekiingiza chama cha siri cha watu-chui. Mikoko yake naiamini kuliko watu-chui wake, lakini Mwafrika wa Pratt ana hoja, ana dhihaka na ana siri zake mwenyewe, na akiwekwa mbele ya wale wanafunzi wa Kongo, waliotoka katika nyumba hiyo hiyo ya Tournai, huonekana kama aliyetoka katika dunia nyingine.

Februari 1978, kwa juhudi za Didier Platteau aliyekuwa upande wa nyumba yenyewe na Jean-Paul Mougin aliyefanywa mhariri, Casterman wakatoa gazeti la kila mwezi lililoitwa (À suivre), yaani Itaendelea, na alama za mabano zikiwa sehemu ya jina. Katika tahariri ya kwanza Mougin alitangaza waziwazi kwamba hadithi za picha zinakuja kuingia katika uwanja wa fasihi kwa nguvu, bila kubisha hodi. Mpango ulikuwa mwepesi kuelezeka: kila mwezi mwandishi atoe mlango mmoja, milango iwe mingi kadiri kisa kitakavyo, picha ziwe nyeusi na nyeupe, kwani kutia rangi juzuu nene ni gharama isiyobebeka, kisha kisa kikiisha milango yote ikusanywe katika jalada moja la mkondo ulioitwa Romans (À suivre). Mwaka huo huo, ng'ambo ya Atlantiki, Will Eisner alitoa kitabu chake A Contract with God, ambacho Wamarekani hukitaja kuwa asili ya riwaya ya picha. Nami sioni haja ya kugombania nani alitangulia, maana Eisner alikuwa mtu mmoja aliyetafuta mchapishaji, na Casterman walikuwa wachapishaji waliotafuta watu.

Kazi iliyofungua gazeti ndiyo iliyobakia kuwa hoja yake bora. Jean-Claude Forest, aliyekwisha kuwa mashuhuri kwa Barbarella, aliandika, na Jacques Tardi akachora, kisa kiitwacho Ici Même, cha bwana mmoja ambaye ukoo wake ulinyang'anywa mashamba yote ya eneo la Mornemont na wapangaji na majirani, ukasaliwa na kuta tu. Mtu huyu huishi juu ya kuta hizo: hapo ndipo penye kijumba chake chembamba mno, hapo hutembea usiku na mchana kama paka, na kila kaya inapotaka kupita lango lake hupiga kengele naye huja mbio na bunda la funguo, akafungua, akapokea ujira wake, huku mawakili wakiendelea na kesi isiyo mwisho. Kisa kama hiki kingebanwa katika kurasa 62 kingekuwa mzaha mzuri ukasahauliwa. Ni wingi wa kurasa, zile mbio za kurudiarudia juu ya kuta, zile kengele zinazolia kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, unaomfanya msomaji aanze kuona kizunguzungu cha mtu mwenye mipaka asiye na ardhi. Tardi amechora kuta hizo kwa wino mzito hata nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku zaonekana kama kuta nyingine.

Baada yake alikuja Didier Comès, mwana wa vijiji vya mashariki ya Ubelgiji, aliyezaliwa mwaka 1942 katika nchi iliyokuwa imetekwa na kuunganishwa na Ujerumani, akapewa jina la Dieter, kisha vita vilipokwisha akageuzwa kuwa Didier. Kitabu chake Silence, cha mwaka 1980, ni habari za kijana kibarua wa shamba, bubu, asiyejua chuki, katika kijiji cha Beausonge chenye uchawi na hatia ya zamani iliyofichwa. Na kwa kuwa shujaa hasemi, kurasa nyingi zapita bila neno lolote, weupe na weusi peke yake, jambo ambalo mhariri wa zama za kurasa 62 angelihesabu kuwa ubadhirifu wa karatasi.

Majina mengine nayapita kwa haraka, si kwa dharau: José Muñoz na Carlos Sampayo, Waargentina, na mpelelezi wao Alack Sinner, François Schuiten na Benoît Peeters, waliojenga mfululizo wa miji isiyokuwako, ambao kitabu chake cha pili kilishinda Angoulême mwaka 1985. Kosa la mkondo huu ni kwamba wanawake walioalikwa humo walikuwa wachache mno, na kosa la pili ni kwamba baadhi ya waandishi, walipoona kurasa hazina kikomo, walijisahau, wakaburura visa visivyo na uti. Lakini uhuru huo huo ndio uliomwezesha Tardi kukirudia mara kwa mara, kwa zaidi ya miaka kumi, kisa cha vita vya 1914 hadi 1918 ambavyo babu yake alipigana, mpaka mwaka 1993 kikatoka kizima kwa jina C'était la guerre des tranchées. Humo kurasa nyingi zina visanduku vitatu tu, virefu na vyembamba, vimelazwa kimoja juu ya kingine kama mahandaki yenyewe, na hakuna shujaa mmoja wa kufuatwa, kwa sababu kila anayekaribia kuwa shujaa hufa.

Gazeti halikufika mbali baada ya hapo. Wasomaji walikwisha kuzoea kungoja jalada badala ya kununua milango, rangi ilirudi kwa kuwa wauzaji waliipenda, na majarida ya picha yakaanguka moja baada ya jingine. (À suivre) likatoa toleo lake la 239 Desemba 1997 na kufungwa. Miaka miwili baadaye nyumba yenyewe, iliyokuwa ya ukoo mmoja tangu karne ya 18, iliuzwa kwa Flammarion wa Paris, na mwaka 2012 Flammarion nayo ikanunuliwa na Gallimard, ikaenda na Casterman wake.

Hata hivyo kanuni ya wingi wa kurasa haikuzikwa na gazeti. Mwaka 1995, nyumba ilikuwa imekwisha kutoa kitabu cha mtembezi mpole wa Mjapani Jirō Taniguchi; na mwaka 2002, kwa uongozi wa yule yule Peeters, ikafungua mkondo uitwao Écritures, wa juzuu nene, ndogo kwa kimo, nyeusi na nyeupe, ambamo Taniguchi alipata nyumba ya kudumu, na Craig Thompson wa Marekani alitafsiriwa kwa juzuu yake ya karibu kurasa 600. Waandishi vijana wa Ufaransa waliounda shirika lao la L'Association mwaka 1990 walilalamika kwamba nyumba kubwa zilikuwa zinaiga walichokifanya wao, na katika jambo la umbo la vitabu lalamiko hilo lina haki. Lakini juu ya kurasa, deni lilikuwa la zamani zaidi, na mdai alikuwa Tournai.

Leo vyote viwili hutolewa kwa jina moja la Casterman, Tintin wa kurasa 62 na riwaya nene zisizo na rangi, na ni vile vya kwanza vinavyouzwa sana. Msomaji atakaye kuonja mkondo huu asianze na majina yaliyo makubwa zaidi, bali aanze na Ici Même, kisha kile kitabu cha mahandaki, ambavyo vyote viwili vimefasiriwa kwa Kiingereza na kutolewa Marekani mwaka 2009 na 2010. Na hadithi ya Rufiji aisome akiwa na ramani ya delta karibu naye, apate kuona Pratt alikosea wapi.