Kitenzi kilichomezwa na kiambishi chake

Nilipotea kidogo, majaribio yalinibana. Leo nina deni la kulipa.

Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wa Kidato cha Pili aliniuliza: "Mwalimu, mbona tunasema anaimba, lakini hatusemi anala, tunasema anakula?" Nikamjibu ndivyo Kiswahili kilivyo. Darasa zima likacheka. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Juzi semina ya isimu ikagusa Kilatini, nikashtuka. Kumbe Warumi nao walihangaika na kitenzi hichohicho! Kula kwao ni edere, mzizi ed- tu. Kina pia umbo jingine, esse, linaloandikwa sawasawa na "kuwa". Est ni "yeye ni", est ni "anakula", tofauti ni kuvuta irabu. Duh!

Kitenzi chembamba namna hiyo hakikudumu midomoni mwa watu. Wengine wakakiongezea com- mbele, kikawa comedere, yaani kula ukamaliza. Wengine wakachukua manducare, kutafuna. Msidhani lilikuwa neno la wahuni tu. Kaisari Augusto, aliyefariki mwaka 14, alilitumia kwenye barua, na Suetonius katunukulia.

Kutafuna huko ndiko kulikozaa manger ya Kifaransa na a mânca ya Kiromania. Waitaliano walikuwa na manicare yao, halafu wakaazima mangiare kutoka Ufaransa (majirani bwana!). Wahispania na Wareno wakabaki na comer.

Sasa hapa ndipo nilipokosa usingizi. Comedo, "ninakula", kwa Wahispania imemomonyoka ikawa como. Itazame vizuri. Com- ni ile nyongeza, -o ni "mimi". Ed- iko wapi? Imeliwa! Aliyeitwa kusaidia kabaki mwenye nyumba.

Kiswahili hakina undugu na Kilatini, msije mkaninukuu vibaya, ila udhaifu unafanana. -la ni silabi moja, na mkazo wetu unataka silabi ya pili kutoka mwisho. Ndiyo maana ku- imeng'ang'ania pale kuupokea: anakula, anakunywa, anakufa. -imba inazo silabi mbili, haina shida.

Nimemwandikia yule kijana barua kupitia mwalimu wake. Wiki ya pili hii, kimya. Ngoja niwahi kafteria kabla maharage hayajaisha.