Shinkolobwe na mabomu ya Hiroshima na Nagasaki

Kila tarehe 6 na 9 Agosti makanisa ya nchi nyingi huwakumbuka watu wa Hiroshima na Nagasaki. Sisi wa Likasi hatuwezi kuwaombea kama watu wa mbali. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani katika kazi ya mabomu hayo ilitoka Shinkolobwe, kilomita 20 hivi magharibi ya mji wetu, ambao wakati ule uliitwa Jadotville.

Mwingereza Robert Sharp aligundua madini hayo mwaka 1915, na mwaka 1921 kampuni ya Union Minière ikaanza kuchimba. Haikutaka urani. Ilitaka radiumu, iliyouzwa ghali mno kwa kutibu saratani. Urani ilikuwa kama makapi. Lakini mawe ya Shinkolobwe yalikuwa ya ajabu. Mengine yalikuwa na oksidi ya urani kiasi cha 65 kwa mia, wakati migodi ya kwingine ilifurahia hata 1 kwa mia.

Mwaka 1940 mkurugenzi Edgar Sengier, akihofia Wajerumani, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York. Yalikaa ghalani mpaka Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipoyanunua yote. Kisha wakataka mengine. Mgodi uliokuwa umefungwa na kujaa maji ukafunguliwa tena, na baba zetu wakashuka. Walichambua mawe kwa mikono. Kazi ilikuwa ya siri, nao hawakuambiwa yanakwenda kufanya nini.

Mpaka mwisho wa 1945 watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na 70,000 hivi Nagasaki. Bomu la Nagasaki lilipasuka juu ya Urakami, mtaa wa Wakristo wengi. (Hilo lilikuwa la plutoniamu, lakini plutoniamu nayo hutengenezwa kwa urani.) Mwaka 1946 Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani. Mchimbaji wa Shinkolobwe hatajwi hata katika maombi yetu ya Agosti, na hilo twaona si haki.

Mashimo yalizibwa kwa saruji karibu na uhuru, 1960. Hata hivyo vijana walirudi kutafuta kobalti. Januari 2004 uchimbaji ulikatazwa kwa amri ya rais. Julai mwaka huohuo shimo likabomoka na kuua watu wapatao 8. Miali ya urani haionekani wala hainuki, na mwenye njaa haogopi asichokiona.

Nchi yetu ilitia sahihi Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia tarehe 20 Septemba 2017, ikauridhia Septemba 2022. Baraza la Makanisa Ulimwenguni limeutetea sana mkataba huo. Tunaufurahia, ila una pengo: kifungu cha 6 chadai msaada kwa walioumizwa na matumizi au majaribio ya silaha hizo. Aliyechimba urani hakutajwa.

Basi tunaomba wachungaji na mama wa kanisa wawatembelee wazee ambao baba zao walifanya kazi Shinkolobwe, waandike majina, miaka, na magonjwa waliyoyaona nyumbani. Wazee hao wamebaki wachache. Majina yatakayopatikana yasomwe pamoja na ya Hiroshima katika ibada ya tarehe 6 Agosti, na nakala ipelekwe kwa wabunge wetu.