Historia ya Gitaa la Besi la Bei Kubwa

Gitaa la besi la umeme lilianza kama chombo cha bei nafuu. Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, alipotoa Precision Bass mwaka 1951, alitaka kumwondolea mwanamuziki adha ya kubeba besi kubwa ya kusimama, ambayo sauti yake ilimezwa na ngoma na tarumbeta. Kiwiliwili kilikuwa ubao mzima usio na uwazi ndani, shingo ilifungwa kwa skrubu nne, na freti, vipande vya chuma vilivyopangwa shingoni, zilimwezesha mpigaji kuipata noti sawasawa bila kukisia. Paul Tutmarc wa Seattle alikuwa ameuza besi ya umeme yenye freti tangu miaka ya 1930, lakini haikushika soko. Ya Fender ilishika, ikafuatwa na Jazz Bass mwaka 1960, na kwa karibu miaka 20 besi nzuri ilikuwa besi ya kiwandani.

Mageuzi yalitokea kaskazini mwa California. Kampuni ya Alembic ilianzishwa mwaka 1969 na watu waliokuwa karibu na bendi ya Grateful Dead, iliyokuwa ikitafuta sauti safi kwa gharama yoyote. Ron Wickersham alikuwa mtaalamu wa elektroniki, Susan Wickersham alikuwa msanii, na Rick Turner alijua mbao na gitaa. Mwaka 1972 walimkabidhi Jack Casady, mpiga besi wa bendi ya Jefferson Airplane, besi yao ya kwanza.

Ubora wa besi hiyo ulikuwa hasa ndani yake. Pikapu za kawaida, zinazogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme, huzungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara ili zitoe umeme wa kutosha, na matokeo yake ni kwamba sauti nyembamba za juu hupotea kwenye kebo kabla ya kufika kwenye amplifaya. Alembic walipunguza mizunguko ya waya, kisha wakaweka kikuza sauti kidogo cha betri ndani ya gitaa lenyewe. Shingo nayo haikufungwa kwa skrubu: vipande virefu vya mbao ngumu viligundishwa pamoja, vikapita kutoka kichwani hadi mkiani. Mpiga besi Stanley Clarke alianza kutumia besi ya Alembic katika miaka ya mwanzo ya 1970, na albamu yake ya mwaka 1976, School Days, iliwaonyesha wengi kwamba besi inaweza kusimama mbele ya bendi.

Tatizo gumu zaidi lilikuwa uzi mzito. Uzi wa E, ulio mzito kuliko wote kwenye besi ya nyuzi nne, hutetema mara 41 kwa sekunde. Mwaka 1975 mpiga besi Anthony Jackson alimwomba fundi Carl Thompson wa New York amtengenezee besi ya nyuzi sita, yenye uzi wa B unaotetema karibu mara 31. Uzi mnene hivyo, ukifungwa kwa urefu wa kawaida wa inchi 34 kati ya kichwa na daraja, hulegea na noti yake hukosa umbo. Dawa mojawapo ni kurefusha shingo ili uzi nao uwe mrefu zaidi. Karakana ya Fodera, iliyofunguliwa Brooklyn mwaka 1983, ilimtengenezea Jackson besi za inchi 36, na kwa kazi hiyo inastahili heshima kubwa. Wapiga besi Victor Wooten na Richard Bona wa Kamerun nao wamepiga Fodera.

Kwingineko njia zilikuwa tofauti. Ned Steinberger aliondoa kichwa cha gitaa na kutumia nyuzinyuzi za kaboni badala ya mbao. Nchini Uingereza, Ian Waller na Pete Stevens wa Wal walitengeneza pikapu ambayo kila uzi una koili zake. Nchini Ujerumani, kampuni ya Warwick, iliyoanzishwa mwaka 1982, ilijenga jina lake kwa mbao za Afrika ya Kati: bubinga na wenge. Bubinga iliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, mwaka 2017; ala zilizokamilika zilisamehewa mwaka 2019, lakini magogo na mbao zake bado vinadhibitiwa.

Leo baadhi ya besi za karakana hizi hupita dola 10,000, na wamiliki hubishana sana kuhusu aina ya mbao. Kipimo cha maana zaidi ni usawa wa noti. Kwenye besi nyingi zenye shingo ya skrubu, noti moja ya uzi mwembamba, mara nyingi kati ya freti ya tano na ya saba, hufifia mapema kwa sababu shingo hutetema pamoja nayo na kunyonya nguvu yake. Shingo ngumu ya vipande au ya kaboni hupunguza kasoro hiyo, na sehemu ya bei inalipia kazi hiyo.

Hata hivyo, bei si kila kitu: mpiga besi Jaco Pastorius alijijengea jina kwa Jazz Bass ya mwaka 1962 iliyong'olewa freti, na Marcus Miller kwa Jazz Bass ya mwaka 1977 iliyoongezewa kikuza sauti na fundi Roger Sadowsky. Kwa hiyo, anayelinganisha besi mbili azipige kwanza bila amplifaya, freti moja baada ya nyingine, akianza na uzi mzito.